Chumba Kilichokataa Kupata Joto

Watu wanaoijua Kigoma kwa joto la ziwani hawaniamini ninapowaambia kwamba huku kwetu juu, kati ya Kasulu na Kibondo, ziko asubuhi za Juni na Julai ambazo mtu hula kifungua kinywa akiwa amejitanda blanketi. Mtoto anayezaliwa miezi hiyo huoshwa haraka na kufunikwa haraka. Anayezaliwa miezi hiyo kabla ya siku zake kutimia, habari yake ni nyingine kabisa.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa Julai, mimba ikiwa ya miezi saba. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka mmoja baada ya kijiji chetu kuhamishiwa kando ya barabara, na dada alikuwa bado akienda kulima shamba la zamani lililobaki mbali bondeni. Uchungu ulimshika njiani akirudi. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni iliyokuwa juu ya kilima, na huko akajifungua mtoto wa kike ambaye mama yangu alimpima kwa macho, akasema, "Huyu anaanzia kwenye vidole vyangu, anaishia kwenye kiwiko." Baada ya uzazi dada alishikwa na homa kali. Akalazwa wodi ya chini, akakatazwa kumsogelea mtoto. Kabla ya huyu alikuwa amekwisha kuzika mwingine, aliyezaliwa vivyo hivyo kabla ya wakati, akaishi siku mbili. Kwa hiyo kila nilipompelekea uji aliniuliza swali moja tu: "Miguu yake ina joto?"

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja barua ya kwenda chuo cha ualimu. Nilijua Kiingereza cha vitabu na sikuwa na kazi. Ndiyo maana niliwekwa pamoja na mama kumtunza mtoto: mama kwa kuwa alijua watoto, mimi kwa kuwa nilijua kusoma saa, na maziwa ya dada, yaliyokamuliwa kwenye kikombe, yalipaswa kudondoshwa kinywani mwa mtoto kila baada ya saa mbili.

Watoto wa namna hiyo, ambao siku hizi tunawaita njiti, hawakulazwa wodini. Walilazwa katika nyumba iliyokuwa ya daktari wa zamani, Mzungu aliyekuwa na mke mgonjwa wa kifua. Kwa ajili ya mke huyo daktari aliagiza kutoka kwao mitambo ya kuipasha joto nyumba nzima. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda chenye boila la kuni. Maji yaliyopata moto humo yalisukumwa na pampu hadi kwenye rejeta za chuma zilizosimama kandokando ya kuta, kila moja kubwa kuliko rejeta ya lori. Yakaacha joto lake chumbani, yakarudi kibandani kupashwa tena. Umeme wa pampu ulitoka kwenye dainamo iliyozungushwa na mto chini ya kilima. Daktari alipoondoka na mkewe, masista walifanya nusu moja ya nyumba kuwa makao yao, na nusu ya pili ikawa chumba cha watoto.

Aliyelisha boila lile alikuwa mzee kutoka Burundi, mmoja wa waliovuka mpaka pale Manyovu miaka michache kabla na hawakuona njia ya kurudi. Kwao alikuwa fundi bomba. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo yeye na mama walielewana tangu siku ya kwanza, na tangu siku hiyo hiyo wakaanza kutaniana.

"Mwanamume gani wewe," mama alimwuliza, "unashinda jikoni tangu alfajiri?"

"Na jiko lenyewe halina chungu, mama. Mimi napika nyumba."

"Basi nyumba yako bado mbichi. Ongeza kuni."

Hayo yalikuwa maneno ya mzaha, lakini siku ya nne mzaha ukaisha. Tuliamka tukakuta rejeta za chumba cha watoto zimepoa kama mawe ya mtoni. Upande wa masista, ukuta mmoja tu katikati yetu, kulikuwa na joto la kumfanya mtu avue sweta. Walikuwamo watoto watatu chumbani, wetu akiwa mdogo kuliko wote. Miguu yake, nilipoingiza kidole ndani ya nguo, ilikuwa baridi.

Sista aliyesimamia nyumba ile alikuwa mkunga wa miaka mingi, mrefu, mwenye Kiswahili safi alichokipata vitabuni. Aliweka kiganja juu ya rejeta, kisha juu ya mgongo wa mtoto. Aliagiza watoto wote watatu wavikwe kofia na soksi za sufu, wafunikwe mara mbili. Halafu aliwageukia mama na nyanya wengine wawili waliokuwa na wajukuu mle, akarudia sharti alilotuambia siku tulipoingia.

"Makaa hayaingii humu. Najua desturi ya nyumbani, mzazi na mtoto hukaa na kigae cha moto. Humu, hapana. Moto wa makaa katika chumba kilichofungwa unaua watoto wadogo kimya kimya. Atakayeleta moto atatoka, na hatarudi."

"Tumesikia, Sista," mama akajibu, macho yakiwa sakafuni.

Mzee akaniita nje. Alikuwa na kijitabu cha maelezo ya mitambo, kilichoandikwa Kiingereza, naye alisoma Kifaransa tu. "Mwalimu wa kesho," akasema, maana ndivyo alivyopenda kuniita, "njoo unisomee. Mimi nitashika, wewe utasema."

Nilijifunza mambo matatu mle kibandani. La kwanza, kwamba bomba la maji moto likishatoka kwenye pampu hugawanyika mara mbili, moja kwenda kwa masista, la pili kwa watoto, na kila tawi lina vali yake ya shaba. La pili, kwamba juu ya kila vali pana mota ndogo ndani ya kasha la bati. Chumba kikipoa, kisanduku kilichopigiliwa ukutani chumbani humo hupeleka umeme, mota ikazunguka, vali ikafunguka. Chumba kikishapata joto la kutosha, kisanduku hukata umeme na vali ikajifunga yenyewe. La tatu ni kwamba ubavuni mwa kasha pana kishikio kidogo cha kuifungua vali kwa mkono ikiwa mota imekufa.

Mzee hakuanza na kijitabu. Alianza na kiganja. Aligusa bomba kabla ya vali yetu: lilimchoma akaurudisha mkono. Aligusa baada ya vali: baridi. Akanifanya niguse na mimi.

"Maji yanafika mlangoni, hayafunguliwi," alisema. "Sasa tujue, ni bawabu amelala au ni mlango umekwama."

Akasukuma kile kishikio. Hakikusogea. Akalifungua kasha na kuing'oa mota. Mota, ikiwa peke yake, ilizunguka vizuri ikilia kama nyuki. Basi mlango ndio uliokwama. Tulifunga maji ya tawi lile, akaikomoa vali, na ndani yake tukakuta tope jekundu la mto wetu limekauka na kuwa gumu kama kigae. Aliisugua kwa majivu na mafuta ya taa, akaizungusha kwa vidole hadi ikawa laini, akairudisha. Kufikia adhuhuri rejeta zilikuwa zikilia taktak kwa kupokea joto, na mama alimpelekea mzee kiazi kitamu cha kuchemsha.

"Nyumba imeiva?" mzee akauliza.

"Imeiva upande mmoja. Tutaona kesho."

Kesho yake asubuhi chumba kilikuwa baridi tena.

Siwezi kueleza vizuri uchungu wa asubuhi ile. Siku iliyotangulia tulikuwa tumepewa kitu, na sasa kilikuwa kimechukuliwa. Mtoto hakulia; hilo ndilo lililokuwa baya. Nilidondosha maziwa, yakatoka pembeni mwa mdomo. Sista alimsikiliza kifua, akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunificha kitu, kwamba mwili ule haukuwa na akiba, na kwamba kama usingepata joto kabla ya jioni asingeweza kuniahidi lolote. Nilishuka wodini nikiwa na uji mkononi. Dada aliuliza swali lake. Nilijibu kwamba mzee anatengeneza, na dada akageuza uso ukutani, kwa sababu hakuwa ameuliza habari za mzee.

Nilirudi kibandani nikikimbia. Mzee alikuwa amekwisha kugusa: kabla ya vali moto, baada ya vali baridi. Alisukuma kishikio, na safari hii kikaenda bila taabu. Joto likaanza kupita mara moja chini ya kiganja chake. Alipokiachia, vali ikajifunga.

"Mlango ni mzima," alisema. "Leo ni bawabu."

Hakuwa na mota ya akiba. Alichofanya, ninakikumbuka hadi leo na nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi, kwa kuwa sijaona mfano bora wa kufikiri kwa utaratibu. Aliing'oa mota ya upande wa masista na ya upande wetu, akazibadilisha nafasi. Kama mota yetu ni mbovu, alisema, sasa masista watapata baridi na watoto watapata joto. Tukangoja. Mota yetu, tuliyokuwa tumeishuku, ikafungua vali ya masista bila kusita. Mota ya masista, iliyokuwa nzima siku zote, ilikaa juu ya vali yetu bila kutikisika.

Mzee alikaa chini juu ya gogo. "Tunamshtaki mtu bure," alisema. "Bawabu hajalala. Hajaambiwa afungue. Mwalimu, fuata waya. Nenda ukakitazame kile kisanduku cha ukutani, kinasema chumba kina joto gani."

Nilipita mlango wa nyuma. Kisanduku kilipigiliwa pembeni kabisa, nyuma ya mlango, mahali ambapo mke wa daktari pengine aliweka kiti chake cha kusomea, kwa kuwa ndipo pekee palipokingika na upepo wa madirisha. Hapo mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge chake kimetandazwa kikafunika magoti mpaka sakafuni. Aliponiona hakuinuka. Mama yangu, ambaye hata akiingia mtoto wa jirani huinuka kumpa nafasi, hakuinuka.

Nilinyosha mkono juu ya kichwa chake nikakigusa kisanduku. Kilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa. Mshale wake mdogo ulikuwa umelala upande wa joto kali. Kilikuwa kikisema kweli kuhusu ile pembe, na pembe ile haikuwa chumba.

"Mama," nilisema, "inua kitenge."

"Nenda kamtazame mtoto."

"Mama, inua."

Akainua. Chini ya kigoda kulikuwa na kigae cha mtungi uliovunjika, na ndani yake makaa, mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo. Ni wanawake wa rika lake tu wanaojua kuyachagua makaa kiasi hicho. Aliyaleta siku ya kwanza ya baridi, vali ilipokwama kweli. Juu yake alipasha khanga, moja baada ya nyingine, akazipeleka kwa mtoto aliyelala upande wa pili wa chumba karibu na dirisha, na zilipofika zilikuwa zimekwisha kupoa nusu. Saa za Sista kuzunguka alizijua, na viatu vyake vilisikika tangu barazani; alikuwa na muda wa kutoa kigae kwa mlango wa nyuma na kukirudisha. Bomba lilipotengenezwa hakuyaacha makaa, kwa sababu hakuliamini; usiku baridi ilipozidi akayaongeza. Joto la makaa likapanda ukutani, kisanduku kikaridhika, kikaifunga vali. Chumba kilivyozidi kupoa ndivyo alivyozidi kuongeza makaa, na alivyozidi kuyaongeza ndivyo chumba kilivyozidi kupoa. Kichwa nacho kilikuwa kikiniuma siku mbili zile, nikidhani ni njaa; sasa nikajua maumivu yale yametoka wapi.

Nilimweleza, kwa maneno machache, kwa sababu hayakuwapo mengi. Alinisikiliza akinitazama kama mtu anayesomewa barua ya msiba.

"Unasema ni mimi," alisema.

"Nasema ni makaa."

"Makaa yana miguu?" Akavuta kitenge tena, taratibu. "Nilikutunza wewe kwa kigae. Dada yako nilimtunza kwa kigae. Yule aliyekufa, nilichelewa kufika. Nilipofika palikuwa hapana moto." Kisha akaongeza, "Ukisema kwa Sista, nitatolewa. Mtoto atabaki na nani anayejua?"

Dirishani mzee akabisha kwa kidole. "Mwalimu! Kisanduku kinasema nini?"

Nilimpungia mkono angoje. Nilifikiria kuyatoa makaa kimya kimya kama yalivyoingia. Vali ingefunguka, na hakuna ambaye angejua. Lakini kesho baridi ingemrudishia hofu, na hofu ingeyarudisha makaa. Nikafikiria pia, na ninaona haya kuandika, jinsi watu watakavyosema kwamba msichana wa shule amemshtaki mama yake.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alisimama, akakunja pembe ya kitenge mara mbili, akakishika kigae kwa mikono miwili, akatoka nacho kwa mlango wa mbele. Nilimfuata. Sista alikuwa barazani akiandika.

"Sista," mama alisema, akakunja magoti kwa heshima huku kigae kikiwa mikononi, "moto huu ni wangu. Hawa wengine hawakujua. Mwanangu anasema ndio unaomnyima mtoto joto."

Sista alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Alikichukua kigae akakimwaga uani mwenyewe, akaingia ndani akafungua madirisha mawili, akaamuru watoto wote watatu watolewe waletwe upande wa masista. Alikuwa amekasirika hadi Kiswahili chake kikapotea, akasema maneno ya kwao. Alimnyanyua mtoto wetu, akamweka kifuani ndani ya joho lake. Akiwa amemshika hivyo, akamwuliza mama, "Siku ngapi?"

"Mbili, pamoja na leo."

"Nilikuambia unaua."

"Uliniambia. Na baridi je? Baridi hukuniambia."

Mzee wa boila alikuwa ameingia bila kuitwa, kofia mkononi. Alimsalimu Sista, akakohoa. "Sista, mashine imekosea kama yeye alivyokosea," alisema. "Kisanduku kimepigiliwa mahali wanawake wanapokaa. Leo ni makaa. Kesho watakaa watatu pale wakianika nepi, kitasikia joto la miili yao kikafunga tena. Na waya wa umeme wa kukihamishia sina, hata Kasulu haupo. Naomba ruhusa nikifunge kile kishikio kwa waya mnene, vali ya watoto ikae wazi siku zote."

"Na joto likizidi?"

"Nitapunguza kuni. Ila mimi niko nje, sioni. Anatakiwa mtu wa ndani wa kuniambia ongeza, punguza." Akamtazama mama pembeni. "Mtu anayejua miguu ya mtoto. Hata kama mdomo wake ni mkali."

Sista alisogea karibu na mama. Alimtazama mama muda mrefu, na mama hakushusha macho. Hatimaye alimrudishia mtoto. Hakusema kwamba amemsamehe. Alimwambia, "Bibi, mkono wako juu ya miguu yake kila saa. Ikipoa, unamwita mzee. Akitoka jasho, unamwita mzee. Makaa, kamwe." Na mama akasema, "Kamwe," neno ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia tena, wala hakulivunja.

Waya ulifungwa. Robo saa haikupita kabla rejeta hazijaanza kulia, na madirisha yalipofungwa tena, chumba kikapanda joto polepole kama mkate unavyoumuka. Watoto walirudishwa. Saa kumi jioni mtoto alimeza matone kumi ya maziwa bila kutoa hata moja, nami nikashuka wodini nikilikimbilia swali la dada. Safari hii sikungoja aniulize.

Majuma matatu yaliyofuata, sauti ya mama ikipita dirishani ilikuwa ndiyo saa ya nyumba ile. "Mrundi! Kuni mbili!" "Mbili nyembamba au mbili za kweli?" "Za kweli, wewe bahili!" Na mchana jua likiwaka, "Mrundi, unataka kutukaanga?" Nyanya wale wawili wengine nao walijifunza kuita, na Sista, nilimsikia mara moja kwa masikio yangu, alipenyeza kichwa dirishani akasema kwa Kiswahili chake safi, "Mzee, bibi anaomba upunguze."

Homa ya dada ilikwisha. Aliruhusiwa kupanda kilimani asubuhi moja yenye ukungu, amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Aliingia chumbani akanyosha mikono yote miwili kumpokea mwanawe, ambaye hakuwa amemgusa tangu alipomzaa. Mama alirudi nyuma hatua moja, amemkumbatia mjukuu.

"Mikono yako imetoka kwenye baridi," alisema. "Iweke kwanza pale kwenye chuma."

Dada alimtazama kama asiyeamini, kisha akageuka, akaiweka mikono yake juu ya rejeta, akasimama hapo akilia na kucheka, hadi mama aliposema inatosha.